Barua ya wazi kwa wanaotoa mikanda: mwili uwe tayari kwanza

Kwa viongozi wa mashirikisho na vyama vya taekwondo, hapkido na tang soo do, sanaa za mapigano za Korea. Kwa wajumbe wa kamati za mitihani ya madaraja. Na kwa wakuu wa klabu wanaotia saini vyeti.

Yah: Mitihani ya mikanda na majeraha yanayotokana nayo

Waheshimiwa,

Sisi tunaoandika ni walimu wa klabu. Ndio tunaowafunga watoto mikanda, tunaoshika pedi na mbao, na tunaowaandaa wanafunzi kwa mitihani mnayoiidhinisha ninyi. Tunachokuja kuwaomba ni kimoja: mtu asiitwe kwenye mtihani kabla mwili wake haujafikia kile ambacho daraja hilo linadai. Kwa sasa tarehe ndiyo inayotangulia. Mtihani unapangiwa siku, majina yanaorodheshwa, ndipo magoti na vifundo vya miguu vinaanza kukimbizana na kalenda. Mguu uliovunjika siku ya mtihani unaandikwa kuwa ajali, wakati chanzo chake kilikuwa kwenye ratiba miezi mitatu kabla.

Utaratibu wa Kukkiwon, taasisi ya Seoul iliyofunguliwa mwaka 1972 na ambayo vyeti vyake vya dani, yaani madaraja ya mkanda mweusi, vinatambuliwa duniani kote, unamtaka mwenye dani ya 1 akae angalau mwaka 1 kabla ya dani ya 2, kisha miaka 2 kabla ya dani ya 3, kisha miaka 3 kabla ya dani ya 4. Miaka hiyo inatosha. Tatizo ni kwamba kalenda haijui nani alikuja mazoezini. Anayefanya mazoezi mara 3 kwa wiki, dakika 90 kila kipindi, kwa wiki 48, anamaliza mwaka akiwa na saa 216. Anayekuja Jumamosi peke yake ana saa 72. Wote wawili wamehesabiwa mwaka mmoja, na wote wawili wanasimama mbele ya jopo siku ileile, wakitakiwa kuruka na kuvunja ubao uleule. Chini ya mkanda mweusi hali imelegea zaidi. Madaraja ya geup, kutoka la 10 hadi la 1, yako mikononi mwa klabu yenyewe: klabu inafundisha, klabu inatahini, klabu inapokea ada. Mwalimu anayelipia pango la ukumbi kwa ada za mitihani ana sababu ya kuitisha mtihani kila baada ya miezi miwili, na hatumlaumu kwa kuwa maskini. Tunasema tu kwamba shinikizo hilo halipaswi kuishia kwenye goti la mwanafunzi.

Kwa hiyo tunataka kitabu cha mahudhurio kinachohesabu saa, kisainiwe kila kipindi, na kiwekwe mezani mbele ya watahini. Tunataka pia angalau mtahini mmoja atoke klabu nyingine, hata kwa mikanda ya rangi. Na atakayeshindwa sehemu moja arudie sehemu hiyo tu, bila kulipa upya, ili asiwepo mtu mwenye faida ya kumfaulisha wala ya kumfelisha.

Siku ya mtihani yenyewe huwa imepangwa vibaya hata pale ambapo kila mtu ana nia njema. Wanafunzi wanapashwa mwili moto saa mbili asubuhi, wote pamoja. Kisha wanakaa chini, miguu imekunjwa, wakisubiri zamu. Poomsae (mifululizo ya miondoko iliyopangwa) zinapita, kyorugi (pambano la wawili) inapita, hosinsul (mbinu za kujilinda) inapita, na mwisho kabisa, karibu saa sita, ndipo inafika kyukpa, uvunjaji wa mbao, yaani kipande chenye nguvu nyingi kuliko vyote. Msuli wa nyuma ya paja uliokaa muda mrefu umekunjwa ndio unaoambiwa urushe teke la kuruka. Hapo ndipo unapochanika. Dawa yake haina gharama: kabla ya kyukpa kila kundi lipewe dakika 10 za kupasha mwili upya, kuruka kamba au kukimbia papo hapo, kisha mateke mepesi kwenye pedi yakipanda taratibu hadi nguvu kamili. Kunyoosha viungo kwa kukaa kimya katika mkao mmoja kuachwe hadi mwisho wa siku. Kukifanywa muda mrefu kabla ya kuruka kunaupunguzia msuli nguvu.

Mbao tutazieleza kwa urefu, kwa kuwa kamati nyingi zinahesabu tu idadi ya zilizovunjika. Ubao wa kawaida ni wa msonobari, mraba wa takriban sentimita 30, unene wa karibu sentimita 2. Ugumu wake hauendi sawasawa na unene: ukiongeza unene maradufu, nguvu ya kuuvunja inazidi mara nne. Ndiyo maana anayechukua ubao wa sentimita 2 kwa sababu wa sentimita 1 “ni wa watoto” hajaongeza kidogo. Mbao mbili zilizobanwa pamoja hulipinga pigo kwa pamoja. Zikitenganishwa kwa vijiti huvunjika moja baada ya nyingine, na ni kazi tofauti kabisa. Ubao wenye unyevu hupinda bila kukatika. Wenye jicho, pale palipoota tawi, unaweza kumshinda mtu mzima. Kuna na kosa la wema: mwalimu anaukata ubao ili uwe mdogo na mwepesi kwa anayeanza, lakini anaukata upande usiofaa. Ubao hupasuka kufuata nyuzi zake. Ukipunguza urefu unaofuata nyuzi, umeurahisisha. Ukipunguza upana unaokatiza nyuzi, umezisogeza karibu sehemu mbili unaposhikiwa, nao umekuwa mgumu kuliko ulivyokuwa.

Anayeshika ndiye anayeamua nusu ya matokeo, ila hakuna jopo tulilosikia likimpa alama wala likimkagua. Mikono yake ishike kingo mbili zinazokwenda sambamba na nyuzi. Akishika kingo nyingine mbili, pigo linakuja kukata nyuzi, na ubao hauvunjiki hata ukipigwa vizuri. Viganja vikae nyuma ya ubao na ncha za vidole ziishie ukingoni, zisitokeze upande wa pigo. Viwiko vinyooke na vifungwe, mguu mmoja uwe nyuma, uso ugeuziwe pembeni, na mtu wa pili amsukumie mabega kwa nyuma. Mshikaji akiogopa, anarudisha mikono inchi mbili pigo linapofika. Ubao unasafiri pamoja na ngumi, hauvunjiki, na mpigaji anaamini kuwa hakutumia nguvu ya kutosha. Anarudia kwa hasira. Mara ya tatu ngumi imeshapinda, inatua kwenye vifundo vya kidole cha pete na kidole kidogo badala ya vile viwili vya kwanza, na mfupa wa kiganja nyuma ya kidole kidogo unakatika shingoni. Kwa dollyo chagi, teke linalokuja kutoka pembeni, hali ni hiyohiyo: anayevunja kwa mgongo wa mguu anaipigisha mifupa myembamba isiyo na nyama juu yake, wakati sehemu nene ya wayo nyuma ya vidole, vidole vikiwa vimekunjwa kurudi juu, kingebeba pigo. Tunaomba kanuni iwe wazi: majaribio 2 kwa kila ubao, basi. Baada ya hapo mshikaji abadilishwe, ubao ukaguliwe, mkono uangaliwe. La tatu lisiwepo siku hiyo.

Watoto wasivunje mbao za mti kabisa. Mfumo wenyewe umeshakubali kuwa mtoto si mtu mzima mdogo: aliye chini ya miaka 15 anapewa poom, daraja la mkanda mweusi la watoto, si dani. Basi mwili wake nao uheshimiwe hivyo. Karibu na ncha za mifupa yake kuna tabaka la gegedu ambako mfupa hurefukia, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zilizoshikamana jirani yake. Pigo ambalo kwa mtu mzima lingeacha mchubuko, kwa mtoto linaweza kuliumiza tabaka hilo, na madhara yake yakaonekana miaka baadaye pale kidole au mkono unapokua umepinda. Zipo mbao za plastiki zinazounganishwa upya, nyepesi, zenye daraja la ugumu linalojulikana. Kwa mtihani wa mtoto hizo zinatosha, na hata pedi inatosha.

Msamba nao uangaliwe. Walimu wengi wanajitetea kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi, na kwa methali hiyo wanamkalia mtoto mabegani mpaka kinena kigonge mkeka. Kwa kijana aliye katika kipindi cha kurefuka haraka, msuli wa nyuma ya paja ukivutwa kwa nguvu haukatiki wenyewe. Unang'oa kipande cha mfupa wa makalio pale uliposhikamana. Mtoto anasikia mlio, anashindwa kukaa kwenye kiti, na anaambiwa amekaza msuli. Mkono wa mwalimu usiwekwe mwilini mwa mtoto kumsukuma chini, na alama za mtihani zisitolewe kwa urefu wa msamba. Vilevile maumivu ya uvimbe mgumu chini ya kilegesambwa, juu ya muundi, kwa mtoto wa miaka 10 hadi 15 si uvivu. Yanatokana na kuruka na kupiga mateke mengi wakati mfupa unakua. Apunguziwe mateke na kuruka hadi yatulie, aendelee na poomsae za polepole.

Mguu ulio chini unaumia kuliko mguu unaopiga, nao hautazamwi na jopo. Katika dollyo chagi, wakati goti la mguu unaopiga linapanda, kisigino cha mguu uliosimama kinatakiwa kianze kugeuka kuelekea shabaha, na teke linapotua kiwe kimegeuka robo tatu ya njia au zaidi. Mwanafunzi aliyeharakishwa kufikia mkanda wa kijani au wa bluu anajifunza urefu wa teke kabla ya mzunguko huo. Wayo wake unaganda kwenye mkeka wa mpira, hasa mkeka mpya au wenye jasho, nyonga inazunguka, paja linazunguka, muundi unabaki. Kinachobaki kubeba mzunguko ni kano ya mbele ndani ya goti. Ikikatika, mara nyingi kunasikika mlio kama wa kijiti, na goti linavimba ndani ya saa chache. Uvimbe wa haraka hivyo ni damu ndani ya kiungo, na mwanafunzi huyo hatakiwi kufungwa bandeji na kurudishwa mstarini. Akifanyiwa upasuaji, miezi 9 ndiyo kima cha chini kinachokubalika kabla ya kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka. Watahini wangeweza kuligundua tatizo hili mapema kwa sekunde kumi: mwambieni mtahiniwa apige dollyo chagi kiunoni, polepole, na mtazame kisigino chake, si teke. Asiyegeuza kisigino kwa teke la kiunoni asiulizwe la kichwani.

Kifundo cha mguu kilichoteguka kinadharauliwa zaidi kwa kuwa ni cha kila wiki. Kipimo cha haraka kipo: akishindwa kupiga hatua 4, au akiumia anapobonyezwa kwenye mfupa wenyewe, ukingo wa nyuma wa kifundo cha ndani au cha nje katika sentimita 6 za mwisho, apelekwe akapigwe picha. Vinginevyo afungwe, anyanyue mguu, na aanze mapema mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja. Anayerudi bila hayo huteguka tena palepale.

Sasa kichwa, na hapa tunasema kwa uzito wote tulio nao. Alama za kyorugi ya World Taekwondo, shirikisho la dunia la mchezo huo, zinampa mchezaji 2 kwa teke la kiwiliwili, 3 kwa teke la kichwa, na 5 kwa teke la kichwa lenye mzunguko. Kila kijana anazijua hesabu hizo. Kwenye mashindano angalau kuna daktari kando ya uwanja, mwamuzi anayehesabu kwa Kikorea “hana, dul, set” hadi 8, na kanuni ambazo zimekuwa zikimtaka aliyezimishwa kwa pigo la kichwa akae nje siku 30. Kwenye mtihani wa klabu hakuna kimoja kati ya hivyo. Kuna mkanda mwekundu mwenye kilo 50 aliyepangwa na mwenzake mwenye kilo 68 kwa sababu rangi zao zinafanana, na kuna mzazi anayerekodi video.

Kinga ya kichwa haizuii mtikisiko wa ubongo. Inapunguza michubuko na mipasuko ya ngozi, lakini ubongo unaendelea kusukasuka ndani ya fuvu kichwa kinapozungushwa ghafla. Kinga ya meno inalinda meno. Msiwaambie wazazi zaidi ya hapo. Aliyepigwa kichwani akaonekana kuduwaa, akasahau alama zilikuwa ngapi, akayumba, akalalamika mwanga unamuumiza, au akajibu polepole kuliko kawaida yake, atolewe, na asirudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Kuzirai si sharti. Wengi wenye mtikisiko hawakuzirai hata kidogo. Akitapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yakizidi, akisinzia isivyo kawaida, akiona vitu viwili viwili, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au shingo ikiuma, aende hospitali wakati huohuo, na anayelalamika shingo asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono.

Kurudi kwake kuna ngazi, na kila ngazi ichukue angalau saa 24. Saa 24 hadi 48 za kwanza ni mapumziko ya kiasi, bila kulazwa gizani. Kisha kutembea na baiskeli nyepesi. Kisha poomsae zisizo na kuruka wala kuzunguka. Kisha mateke kwenye pedi, peke yake na mshika pedi. Kisha, baada ya daktari kumruhusu, kyorugi ya mazoezi. Mwisho kabisa ndipo mashindano, au mtihani. Dalili zikirudi na kuzidi, anashuka ngazi moja. Mtoto huchukua muda mrefu kuliko mtu mzima, na anarudi darasani shuleni kikamilifu kabla ya kurudi kwenye kyorugi. Ukizihesabu ngazi hizo utaona kwamba aliyepigwa Jumanne hawezi kuwa kwenye mtihani wa Jumamosi. Lakini ndivyo inavyofanyika, kwa kuwa mtihani unaofuata uko mbali.

Tunaomba teke la kichwa liondolewe kwenye kyorugi ya mitihani yote ya poom na ya watoto wa mikanda ya rangi. Wapo watakaosema kwamba bila kichwa si taekwondo. Taekwondo ya walemavu iliingia kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo ikiwa na kyorugi isiyoruhusu teke la kichwa, na hakuna aliyetazama mapambano yale akaona upungufu wa ufundi au ushindani. Anayetaka kupima udhibiti wa teke la juu ampe mtahiniwa pedi iliyoshikwa usawa wa kichwa na amtake aisimamishe nyayo yake kwa umbali wa kiganja. Ni kigumu zaidi, na kinaonyesha ufundi zaidi.

Kwa ndugu zetu wa hapkido na wote wenye hosinsul kwenye mtaala: hakuna kurushwa kabla ya nakbeop, ufundi wa kuanguka. Mwanafunzi awe amejifunza kuanguka akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama, kidevu kimebanwa kifuani, mkono ukipiga mkeka mbali kidogo na mwili kwa kiganja na sehemu yote ya chini ya mkono. Anayeanguka akitanguliza kiganja nyuma yake anavunja kiwiko cha mkono au kifundo chake. Mikeka ya sentimita 2 inayotosha kwa mateke haitoshi kwa mirusho. Iwe 4 au zaidi, bila mwanya kati ya kipande na kipande, kwa kuwa kidole cha mguu kikiingia kwenye mwanya hakitoki kikiwa kizima. Na mkunjo wa kifundo cha mkono uende polepole hadi mwenzako apige mkeka mara mbili, kisha uachie papo hapo. Mbele ya jopo watu huvuta kwa kishindo ili waonekane wanaweza. Jopo likatae waziwazi, na alama ipunguzwe.

Kuna jambo linalozaa mengine yote, nalo ni kuficha. Mwanafunzi aliyeumia wiki mbili kabla ya mtihani akisema, anakosa nafasi, anapoteza ada, na wenzake wanampita rangi. Akinyamaza, anapanda. Mmemfundisha anyamaze, ingawa hamkukusudia. Saa za mwanafunzi aliyeumia zisifutwe. Ada yake ihamie mtihani unaofuata. Afanye sehemu anazoweza, na zilizobaki azimalize ndani ya miezi 6 bila kuanza upya. Aliye na ulemavu au jeraha la kudumu awe na mtaala wake ulioandikwa mapema, si huruma ya dakika ya mwisho.

Cheti cha dani kisitumike kama leseni ya kufundisha. Kinasema mtu anajua kupiga teke. Hakisemi kama anajua kumtambua mtoto mwenye mtikisiko, au kumpangia mzigo wa mazoezi kijana anayekua. Vijana wa poom ya 1 wanaachiwa madarasa ya watoto ishirini na zaidi kwa kuwa mwalimu mkuu amechelewa. Huduma ya kwanza iwe sharti kwa kila anayesimamia darasa, irudiwe kila baada ya miaka 2, na jina lake lisiwekwe kwenye fomu ya mtihani bila cheti hicho.

Mwisho, daftari la majeraha. Tunaomba kila klabu iwe nalo na kila chama kilikusanye. Ukurasa mmoja kwa tukio: tarehe, umri, uzito, daraja, saa za mazoezi tangu daraja la mwisho, zoezi lililokuwa likifanyika, sehemu iliyoumia na upande wake, aina ya mkeka au unene wa ubao, nani alikuwa akishika au akisimamia, na siku aliyorudi mazoezini. Jina libaki klabuni, lisipelekwe juu. Safu ya “saa za mazoezi tangu daraja la mwisho” ndiyo tunayoitaka zaidi kuliko zote, na ndiyo ambayo fomu nyingi za sasa hazina. Tumeshaandaa mfano wa ukurasa huo na tuko tayari kuuleta kwenye kikao chochote mtakachotuita, ikiwezekana kabla orodha ya mtihani ujao wa dani haijafungwa.

Wenu katika mazoezi,

Walimu na wasaidizi wa walimu wa klabu